Kufanya utafiti wa lenzi za macho katika kliniki ndogo: mwongozo kamili, kuanzia swali hadi ripoti

Muuzaji wa lenzi akija kliniki huja na kijitabu kizuri, na ndani yake kuna grafu inayoonyesha kwamba lenzi yake inavalika siku nzima bila tabu. Swali la kumuuliza ni moja: siku nzima ya nani? Kwa kawaida ni siku ya mtu wa ofisini, katika mji wenye baridi, anayekwenda kazini kwa treni. Anayeendesha bodaboda Dodoma mwezi wa Septemba, kwenye upepo mkavu na vumbi, ana siku nyingine kabisa. Mpishi wa hotelini Mombasa na mhasibu anayekaa chini ya kiyoyozi Dar es Salaam saa tisa mfululizo nao wana siku zao. Kama hatujapima sisi wenyewe, tunauza lenzi kwa kuamini macho ya watu wengine.

Habari njema ni kwamba kupima kunawezekana. Mwongozo huu ni kwa optometrista, daktari wa macho, au mwanafunzi wa Moshi, Kakamega au Kampala anayeandaa utafiti wa kuhitimu. Unahitaji sliti lampu (hadubini yenye mwanga ya kuchunguzia jicho), keratomita (kifaa cha kupima mkunjo wa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho), karatasi za fluoresini (rangi ya kupaka jichoni), watu thelathini na kitu, na uvumilivu. Nitazungumzia lenzi laini peke yake, kwa sababu lenzi ngumu na zile kubwa za sklera zina taratibu zao.

Hatua ya 1: Punguza swali hadi lipimike

"Lenzi ipi ni bora?" si swali la utafiti. Bora kwa nini, kwa nani, saa ngapi? Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: kati ya lenzi ya haidrojeli ya kawaida (plastiki laini yenye maji ndani yake) na ya silikoni haidrojeli (iliyoongezwa silikoni ili ipitishe oksijeni zaidi), zote za kuvaa siku moja na kutupa, ni ipi inayomwacha mvaaji na nafuu zaidi anapoivua jioni? Hapo kuna kipimo kikuu kimoja, yaani alama ya nafuu kuanzia 0 hadi 100 saa ya kuvua. Mengine yote, kama uoni, wekundu na mkao wa lenzi, ni vipimo vya pili. Andika hivyo kabla ya kuanza, maana ukipima vitu ishirini bila kuchagua kimoja, hutakosa kimojawapo kitakachotoa jibu unalolipenda.

Hatua ya 2: Chagua muundo, kisha piga hesabu ya watu

Miundo inayofaa ni miwili. Wa kwanza ni kuvaa lenzi A jicho la kulia na lenzi B la kushoto kwa wakati mmoja. Unafaa sana unapochunguza konea yenyewe, kwa kuwa mwenye macho yote mawili ni mtu yuleyule. Kwa swali la nafuu siupendi. Mvaaji huanza kulinganisha jicho na jicho kutwa, tofauti ndogo inakuzwa, na wapo wanaochanganya vikasha bila kujua.

Wa pili ni wa kupokezana: nusu ya washiriki wanaanza na A kwa siku 14, wanarudi kwenye miwani kwa siku 7 ili jicho lipumzike, kisha wanavaa B kwa siku 14. Nusu nyingine wanaanza na B. Kila mtu analinganishwa na nafsi yake, ndiyo maana idadi ndogo inatosha.

Ndogo kiasi gani? Tuseme tofauti yenye maana kwako ni alama 8, na umekadiria kwamba mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, yaani jinsi zinavyotawanyika kati ya mtu na mtu, ni 15. Kwa uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti hiyo kama ipo) na kiwango cha kawaida cha asilimia 5 (nafasi ya kuiona wakati haipo), unazidisha 7.84, namba inayotokana na viwango hivyo viwili, kwa 15 kipeo cha pili, kisha unagawa kwa 8 kipeo cha pili. Unapata 27.6, yaani watu 28. Ukitarajia asilimia 15 wajitoe, gawa 28 kwa 0.85, upate 33. Mimi ningechukua 36, ili wagawike sawasawa katika mafungu ya wannewanne wakati wa kupanga nani aanze na lenzi ipi.

Watu 36 wanatosha kwa swali la nafuu. Kwa swali la usalama hawatoshi hata kidogo, na hapa ndipo ripoti nyingi ndogo zinapopotosha. Utafiti wa Poggio na wenzake Marekani, uliochapishwa 1989, ulikuta kidonda cha konea kwa wavaaji wapatao 4 kati ya 10,000 kwa mwaka waliovaa lenzi laini mchana tu, na karibu 21 kati ya 10,000 kwa waliolala nazo. Utafiti wa Stapleton na wenzake Australia, wa 2008, ulikuta takriban 2 kati ya 10,000 kwa lenzi laini za mchana, na zaidi ya 25 kwa silikoni haidrojeli zilizolaliwa. Madhara ya nadra namna hiyo hayaonekani kwa watu 36 ndani ya wiki tano. Ipo kanuni rahisi: usipoona tukio hata moja kwa watu n, bado inawezekana kiwango halisi kikafika 3 gawa kwa n. Kwa watu 36, hiyo ni mtu 1 kati ya 12. Kwa hiyo ukiandika "lenzi zote mbili ni salama" kwa sababu tu hakuna aliyeumia, umeandika jambo ambalo takwimu zako haziwezi kulibeba.

Zingatia pia kwamba lenzi yenye silikoni haikuondoa hatari ya kulala nayo. Mwaka 1984 Holden na Mertz walikadiria kwamba konea inahitaji lenzi yenye uwezo wa kupitisha oksijeni, ule unaoandikwa Dk/t, wa 24 kwa kuvaa mchana na 87 kwa kulala nayo. Lenzi za silikoni haidrojeli zilipoingia sokoni mwaka 1999, wengi walidhani tatizo limekwisha. Konea ikapata hewa, lakini bakteria hawakuondoka.

Hatua ya 3: Vibali

Tanzania Bara, andiko lako lipite kamati ya maadili ya taasisi yako na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na uwaulize TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) mapema kama majaribio yako ya kifaa tiba yanahitaji kibali chao. Zanzibar mlango ni ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya. Kenya utapita kamati ya maadili inayotambuliwa, kisha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na Uganda ni UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Sajili utafiti kwenye rejista ya majaribio ya tiba ya Afrika, PACTR, kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Wakati wa kuandika andiko, kaa na kiwango cha ISO 11980 pembeni, maana kinahusu hasa utafiti wa lenzi za macho kwa binadamu.

Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Sehemu ngumu ni kueleza bahati nasibu. Mtu akisikia "utapangiwa kwa bahati nasibu" anaweza kudhani ni mchezo wa kubahatisha zawadi. Mwambie hivi: "Hakuna atakayekuchagulia lenzi ya kuanza nayo, si mimi wala wewe. Ni bahasha itakayofunguliwa siku hiyo, na mwishowe utazivaa zote mbili."

Hatua ya 4: Nani aingie, nani abaki nje

Kabla ya kitu kingine chochote, pindua kope la juu. Kila mshiriki, macho yote mawili. Katika maeneo yenye historia ya trakoma, kama sehemu za Dodoma, unaweza kukuta makovu meupe chini ya kope la kijana ambaye hajawahi kulalamika. Kope lenye kovu linasugua lenzi kwa namna yake, na matokeo yake hayatasema lolote kuhusu lenzi. Kwa vijana tafuta pia vinundu vya mzio wa macho, ule unaowafanya watoto wafikiche macho mwaka mzima.

Kinyama cha jichoni kinachoota kutoka upande wa pua ni cha kawaida kwa watu wanaoshinda juani. Kikigusa konea, mtu huyo abaki nje ya utafiti huu, kwa sababu kinainua ukingo wa lenzi. Mwenye konea iliyochongoka naye anahitaji lenzi za aina nyingine, na umpe rufaa siku hiyohiyo badala ya kumwambia tu kwamba hafai. Kwa mfano wetu, chukua watu wa miaka 18 hadi 40 wenye astigmatizimu (konea isiyo duara sawasawa) isiyozidi dayopta 0.75, dayopta ikiwa kipimo cha nguvu ya lenzi, ambao wako tayari kuvaa lenzi angalau saa 8 kwa siku.

Hatua ya 5: Vipimo vya mwanzo

Pima uoni kwa chati ya logMAR, yenye herufi zinazopungua ukubwa kwa hatua sawa, ukihesabu herufi mojamoja. Kila herufi ni 0.02. Pima miwani upya hata kama mshiriki anayo ya mwezi jana. Kama nguvu inazidi dayopta 4, rekebisha umbali wa miwani kutoka jichoni. Kwa umbali wa milimita 12, −6.00 ya miwani inakuwa takriban −5.60 kwenye konea, nawe utachukua −5.50. Kwa +6.00 mambo yanageuka, unakwenda hadi +6.50. Ukiisahau hatua hii, utailaumu lenzi kwa kosa la hesabu.

Kisha mkunjo wa konea kwa keratomita, na kipenyo chake kwa rula au kwa kipimo cha sliti lampu. Hiki cha pili wengi wanakiruka, na ndicho chenye uzito kuliko wanavyodhani. Chukua konea ya mfano yenye mkunjo wa milimita 7.8 na upana wa 11.8. Kina chake, kutoka kileleni hadi ukingoni, ni takriban milimita 2.70. Ibane konea hiyo hadi mkunjo wa 7.6, badiliko la zaidi ya dayopta moja kwenye keratomita, na kina kinaongezeka kwa 0.11 tu. Sasa irudishe kwenye 7.8 lakini ipanue hadi 12.4: kina kinaongezeka kwa 0.37, zaidi ya mara tatu. Konea halisi hulegea kuelekea pembeni, kwa hiyo namba zake ni ndogo kidogo, lakini somo ni lilelile. Lenzi laini inakaa juu ya kina chote cha jicho. Anayechagua lenzi laini kwa kusoma keratomita peke yake anabahatisha.

Maliza kwa fluoresini. Hesabu sekunde hadi utando wa machozi upasuke, mara tatu, uchukue wastani. Chini ya sekunde 10 iandike, usiifiche. Safisha rangi yote kabla lenzi haijaingia, la sivyo lenzi itanyonya umanjano.

Hatua ya 6: Mkao wa lenzi

Hapa usikimbie. Mvalishe mshiriki lenzi, subiri dakika 10 hadi 15, kisha angalia kwa mpangilio uleule kwa kila jicho.

Kwanza, lenzi imefunika konea yote na kuvuka ukingo wake karibu milimita 1 kila upande? Pili, imekaa katikati? Tatu, mshiriki akipepesa huku anatazama mbele, inasogea kiasi gani? Kati ya milimita 0.2 na 0.5 ni pazuri. Nne, kipimo cha kusukuma: tumia ukingo wa kope la chini kuisukuma lenzi juu, uiachie, utazame inavyorudi. Lenzi isiyosukumika kabisa ni 100, inayoteleza yenyewe bila kushikwa na kope ni 0, na nzuri iko karibu na 50. Kwa uzoefu wangu kipimo hiki kinasema ukweli kuliko vingine vyote vya mkao, kwa sababu lenzi inayobana huweza kuonekana imetulia vizuri hadi uiguse.

Usimwamini mshiriki anayesema "hii nzuri, siisikii kabisa" dakika ya kumi. Lenzi inayobana ni tulivu mwanzoni. Inalipiza jioni, kwa duara jekundu kuzunguka konea na alama ya ukingo wake kwenye weupe wa jicho. Iliyolegea inajulikana mapema kwa kuwashwa kwenye kope. Uoni nao unatoa ishara: kwa lenzi inayobana mtu huona vizuri kidogo mara tu baada ya kupepesa, na kwa iliyolegea ukungu huja palepale baada ya kupepesa.

Lenzi isipokaa vizuri, iandike kuwa haikukaa. Kishawishi ni kuchukua mkunjo mwingine, ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini ni macho mangapi yalikubali lenzi ya kwanza ni jibu lenyewe, na kwa kliniki inayotaka kujua iagize maboksi ya mkunjo gani, pengine ndilo jibu lenye faida kuliko yote.

Mtu anayepima mkao na wekundu asijue mshiriki amevaa lenzi gani. Kwa hiyo mwingine agawe lenzi, afungue bahasha zisizopenyeza mwanga, na atunze orodha kwenye kabati lenye kufuli.

Hatua ya 7: Kumfundisha mvaaji

Mshiriki asiondoke hadi amevaa na kuvua mara tatu mbele yako. Kisha zungumza juu ya maji, kwa kirefu. Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua na ya chupa ya kunywa yote yanaweza kubeba akantamiba, kijidudu kinachotafuna konea kwa miezi na kuacha kovu. Lenzi haioshwi kwa maji, hailowekwi kwa maji, wala hailambwi.

Anayetawadha mara tano kwa siku anahitaji maelekezo yake, asiachwe akisie. Wakati wa kuosha uso afumbe macho kabisa, afute kope kwa kitambaa safi kabla ya kufumbua. Akiogelea baharini, avue lenzi kwanza. Anayepaka wanja avae lenzi kwanza, kisha apake nje ya mstari wa kope, asipitishe ndani, maana unga wa wanja huganda kwenye lenzi na kukwaruza. Wavaaji wengi hawatakuuliza mambo haya. Yaseme mwenyewe.

Hatua ya 8: Kuuliza kwa Kiswahili

Dodoso linalotumika sana duniani kwa wavaaji wa lenzi ni CLDEQ-8, lenye maswali manane, ambapo alama 12 na zaidi huashiria mtu mwenye tabu. Limeandikwa kwa Kiingereza, na kulitafsiri neno kwa neno ni kulivunja. Ukimuuliza mtu wa Pwani "una macho makavu?", umemuuliza kama hana haya. Atacheka, au atanuna, na vyovyote vile hutapata jibu kuhusu machozi yake.

Watu husema macho yanachoma, yanawasha, yanakwaruza, yana mchanga, yanavuta, yamechoka. Hisia hizi si moja. Kuwasha mara nyingi kunaelekeza kwenye mzio, mchanga na kukwaruza kwenye uso wa jicho uliokauka au lenzi chafu, na kuchoma kunaweza kutoka kwenye maji ya lenzi yenyewe. Watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake, wa tatu airudishe kwa Kiingereza bila kuona asili, kisha usome maswali mbele ya wavaaji watano au sita na uwaombe wakueleze kwa maneno yao wamesikia nini. Mkiandikisha washiriki Tanga na Lubumbashi kwa pamoja, fanya zoezi hilo sehemu zote mbili.

Muda wa kuuliza ni nusu ya swali. Nafuu hushuka kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo alama ya asubuhi haikuambii kitu kuhusu jioni. Mtumie mshiriki ujumbe wa simu saa mbili asubuhi na dakika chache kabla ya kuvua, ajibu namba moja tu kati ya 0 na 100, pamoja na saa aliyovaa na saa aliyovua. Anayevua saa kumi jioni kwa sababu hawezi tena akiwa na alama 70 hayuko sawa na aliyevumilia hadi saa tatu usiku akiwa na alama hiyohiyo. Aandike pia alishinda wapi: chini ya feni, kwenye kiyoyozi, barabarani, jikoni.

Hatua ya 9: Mahudhurio

Mpigie simu kesho yake. Aje siku ya 7 na ya 14 ya kila lenzi, saa za mchana, akiwa ameivaa kwa saa 4 au zaidi. Wote waje mchana, la sivyo utakuwa unalinganisha asubuhi na alasiri. Rudia uoni, mkao na kipimo cha kusukuma lenzi ikiwa jichoni. Kisha ivue, upake fluoresini, ugawe konea katika sehemu tano, utoe daraja la 0 hadi 4 la rangi iliyoshika kwa kila sehemu, kwa kulinganisha na picha za viwango vya Efron. Tumia nukta: 1.4 ni bora kuliko 1. Kabla ya utafiti kuanza, mpimaji apewe picha 20 azipange mara mbili, kwa siku tofauti. Akitofautiana na nafsi yake kwa daraja zima, hayuko tayari.

Hatua ya 10: Jicho likiwa jekundu

Mshiriki awe na namba ya simu inayopokelewa usiku na siku ya sikukuu. Maumivu, mwanga kuuma, uoni kushuka au jicho kuwa jekundu: avue lenzi, aje leo. Lenzi na kikasha chake asivitupe, aje navyo kwa ajili ya maabara. Jicho lisifungwe kwa bandeji, na asitiwe dawa yenye steroidi kabla ya daktari wa macho kuliona. Kidonda cha bakteria wa Pseudomonas kinaweza kuharibu konea ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo hakuna "tuone Jumatatu". Gharama za matibabu ziwe kwenye bajeti yako tangu siku ya kwanza. Kamati ya maadili iliyokuidhinisha ijulishwe kwa muda iliouweka.

Hatua ya 11: Hesabu na ripoti

Macho mawili ya mtu mmoja si watu wawili. Washiriki 36 si macho 72 huru, na anayeyahesabu hivyo anajipa uhakika ambao hana. Chukua wastani wa macho mawili, au jicho la kulia peke yake, na useme ulichofanya. Linganisha A na B ndani ya kila mtu, kisha angalia kama kipindi cha kwanza na cha pili vimetofautiana, maana watu huzoea kuvaa lenzi na ya pili huonekana nzuri zaidi kwa sababu hiyo tu.

Waliojitoa waandike wote, na sababu zao kwa maneno yao. Aliyeacha lenzi B siku ya nne kwa sababu ya vumbi la barabarani amekupa taarifa nzito kuliko watatu waliomaliza wakiwa kwenye kiyoyozi. Ukimwondoa kwenye hesabu, wastani wa B utapanda kwa uongo.

Toa tofauti pamoja na mipaka yake ya asilimia 95. "A ilizidi B kwa alama 6, mipaka 1 hadi 11" inamwambia msomaji mengi kuliko "tofauti ilikuwa kubwa kitakwimu". Eleza mji, mwezi, hali ya hewa na kazi za washiriki, ili mwenzako wa Kigoma ajue kama matokeo yako yanamhusu. Aliyelipia lenzi atajwe, hata kama alitoa maboksi tu. Na kabla ya kupeleka makala kwenye jarida, waite wale 36, au watumie ujumbe, uwaambie ni lenzi ipi walivaa lini na nini kimeonekana.